Picha ya ukutani si mkwe, ni mtani

Njombe. Asubuhi ya Julai hapa Mjimwema haina mzaha. Ukungu unashuka mpaka barazani, kabichi bustanini zina barafu nyembamba pembezoni mwa majani, na mtu akikusalimu "kamwene" unauona mvuke wa salamu kabla ya kuisikia. Kwa baridi hiyo mgeni haachwi nje. Anakaribishwa sebuleni, anasogezewa jiko la mkaa, anawekewa chai na viazi vya kuchemsha, na macho yakikosa pa kwenda yanapanda ukutani.

Ukutani palikuwa na picha ile ile utakayoikuta katika sebule nyingi za Wakristo nchini: Karamu ya Mwisho, fremu ya plastiki ya rangi ya dhahabu, juu ya kabati la vyombo lililotandikwa kitambaa cha kufuma. Mjukuu wa nyumba ile, mtoto wa darasa la pili, aliikodolea macho muda mrefu huku kiazi kikimpoa mkononi.

"Bibi, mbona wote wamekaa upande mmoja wa meza?"

"Nyamaza ule. Ile ni picha ya Bwana Yesu."

"Walikuwa wanapigwa picha?"

Sebule ikawa kimya. Mjomba wake, ambaye wiki hiyo alikuwa ametoka kwenye kikao cha harusi Makambako, akamwokoa: "Ile ni meza kuu, mjomba. Meza kuu haikaliwi pande zote." Bibi alitaka kukemea, chai ikampalia, na alipomaliza kukohoa tukamwona anacheka mpaka machozi.

Katika mila za makabila yetu mengi kuna jamaa wa aina mbili. Kuna mkwe: humkazii macho, hukai naye mkeka mmoja, ukikutana naye njiani unampisha. Na kuna mtani: huyo hata msibani anaruhusiwa kuigiza sauti ya marehemu na kudai alipwe deni lake kabla kaburi halijafukiwa, na wafiwa wakajikuta wanacheka katikati ya kilio. Hakuna anayesema mtani ameudharau msiba. Amekuja kuubeba pamoja na wenzake.

Picha za kale za Ulaya, hasa zile za enzi ya Mwamko, kati ya karne ya 14 na ya 16, tumezipokea kama wakwe. Tunazitundika juu, tunazifuta vumbi wakati wa Krismasi, tunapita mbele yake tukiwa tumeinamisha macho. Kumbe wengi wa waliozichora walikuwa watani wakubwa, na utani wao bado umo humo humo kwenye rangi, unasubiri mtoto wa darasa la pili auulize.

MEZA KUU YA MILAN

Tuanze na ile ya sebuleni. Leonardo da Vinci aliichora kati ya mwaka 1495 na 1498 kwenye ukuta wa ukumbi wa kulia chakula wa watawa Wadominiko, katika nyumba ya Santa Maria delle Grazie mjini Milan. Ukishajua kwamba ule ni ukuta wa bwalo, swali la mtoto linajijibu. Watawa walikaa kwenye meza zao wakila, wakiinua macho wanamwona Yesu na mitume nao wako mezani, mbele ya bwalo lile lile. Mjomba hakukosea: Leonardo aliwachorea watawa meza kuu.

Kazi ilichukua muda mrefu kuliko subira ya mwenye nyumba. Giorgio Vasari, mchoraji aliyeandika maisha ya wasanii wa Italia katika karne ya 16, anasimulia kwamba mkuu wa watawa alichoka kumwona Leonardo akisimama nusu siku anautazama ukuta bila kugusa brashi. Alitaka achape kazi kama vibarua wanaolima bustani ya nyumba. Akaenda kushitaki kwa mtawala wa Milan, Ludovico Sforza. Leonardo alipoitwa alijibu kwa upole: vimebaki vichwa viwili tu, cha Kristo na cha Yuda. Uso wa Yuda anautafuta bado, ila akiukosa kabisa si tatizo, kichwa cha mkuu wa watawa kipo. Sforza alicheka sana, na mkuu wa watawa akarudi kuwasumbua vibarua wake bustanini.

Watawa waliofuata nao walifanya kichekesho chao bila kujua. Mwaka 1652 walitoboa mlango kwenye ukuta ule, katikati kabisa, na miguu ya Yesu ikaondoka na tofali. Chakula kipite kwanza, sanaa itajijua.

KARAMU ILIYOBADILISHWA JINA

Kama ungependa kuona mchoraji akiulizwa maswali ya mjukuu yule, mfuate Paolo Veronese. Wadominiko wa Venice walipoteza Karamu ya Mwisho yao kwa moto mwaka 1571, wakamwomba awachoree nyingine. Veronese akawapa turubai yenye upana wa zaidi ya mita 12, ndefu kama tela la semi linalopumzika Makambako kabla ya kuendelea na safari ya Tunduma. Yesu yuko katikati, sawa. Lakini Veronese aliona nafasi imebaki, akaijaza. Kuna mbwa. Kuna watu wafupi. Kuna mchekeshaji aliyebeba kasuku. Kuna mtumishi anayetokwa damu puani. Kuna askari wa Kijerumani wanakunywa kwenye ngazi, na kuna mtume mmoja anayechokonoa meno kwa uma.

Tarehe 18 Julai 1573 akaitwa mbele ya baraza la kanisa lililochunguza uzushi. Wakamuuliza mmoja mmoja: huyu wa damu puani anafanya nini hapa? Na huyu wa kasuku? Wajerumani walikuwa shaka kubwa zaidi, kwa sababu wakati ule Ujerumani ilimaanisha jamaa wa Martin Luther. Msomaji wa Njombe, mkoa ambao Walutheri na Wakatoliki wanazikana na kuozana kila wiki, anaweza kutabasamu kidogo hapo.

Utetezi wa Veronese ulikuwa wa fundi aliyebanwa. Alisema wachoraji wana ruhusa ile ile waliyo nayo washairi na vichaa. Alisema mwenye nyumba ya karamu ile alikuwa tajiri, na tajiri hakosi watumishi na walinzi. Alisema picha ilikuwa kubwa na yeye akabaki na nafasi. Baraza likampa miezi mitatu airekebishe kwa gharama zake mwenyewe.

Hakumfuta askari wala kasuku. Aliandika juu ya ngazi maneno machache ya Kilatini yanayomtaja Lawi na sura ya 5 ya Injili ya Luka, pale Lawi mtoza ushuru anapomwandalia Yesu karamu nyumbani kwake na kualika watoza ushuru wenzake. Kwa hiyo haikuwa tena Karamu ya Mwisho. Ikawa Karamu katika Nyumba ya Lawi, na katika karamu ya watoza ushuru nani atashangaa kuona walevi? Picha ipo mpaka leo katika makumbusho ya Accademia, Venice, na yule bwana anaendelea kutokwa damu puani.

MC MWENYE MASIKIO YA PUNDA

Michelangelo hakuwa na upole huo. Kati ya mwaka 1536 na 1541 alikuwa akichora Hukumu ya Mwisho kwenye ukuta wa altare katika kanisa la Sistine, Vatikani. Siku moja Papa Paulo wa Tatu alikwenda kukagua akiwa na Biagio da Cesena, mkuu wa itifaki wake; kwa lugha ya kumbi zetu tungemwita MC. Biagio aliona watu wengi mno wakiwa uchi akasema kazi ile inafaa nyumba za kuogea na vilabu vya pombe, haifai kanisani.

Hakuwa amefika mbali, Michelangelo akamchora. Nenda kona ya chini, kulia kwako unapotazama, uwatafute walioangamia. Mlangoni mwa jehanamu anasimama Minos, hakimu wa kuzimu, mwili umezungukwa na nyoka, masikio ya punda, na uso ni wa Biagio. Mahali nyoka anapomng'ata gazeti la familia haliwezi kupataja. Biagio akaenda kumlilia Papa amtoe. Inasimuliwa kwamba Papa alimjibu: angekuwa toharani angeweza kumsaidia, lakini jehanamu mamlaka yake hayafiki.

Wakubwa wa kanisa walikuja kuagiza uchi ule ufunikwe. Mwaka 1565 kazi hiyo akapewa Daniele da Volterra, rafiki wa Michelangelo, naye akapaka vitambaa viunoni mwa watakatifu. Waroma wakambandika jina la utani, Il Braghettone, yaani yule wa kuvalisha watu suruali. Alikuwa mchoraji mzuri, lakini jina la utani likishakushika halikuachi.

PAKA NA TWIGA

Utani mwingine hauna ugomvi ndani yake. Wanaosali sala ya Malaika wa Bwana wanalijua tukio la Gabrieli kumpasha Bikira Maria habari, na wachoraji wa Italia walilichora mara nyingi wakimwonyesha Maria ametulia, kitabu mkononi, kama aliyekuwa anamsubiri mgeni. Lorenzo Lotto, aliyelichora kwa ajili ya mji wa Recanati mnamo mwaka 1534, alijiuliza jambo ambalo mama yeyote wa Mjimwema angejiuliza: malaika akiingia ghafla chumbani, itakuwaje? Maria wake amegeuka kututazama sisi, viganja juu, kama mtu aliyeshtuliwa jikoni. Mungu Baba anajitokeza mawinguni, mikono mbele, kama anayepiga mbizi. Na katikati ya chumba paka, mgongo umejikunja, anatimua mbio. Paka yule ndiye shahidi wa picha nzima. Watakatifu wanaweza kuamini bila kuona, paka ameona.

Na kuna twiga wetu. Novemba 1487 Sultani Qaitbay wa Misri alimpelekea Lorenzo de' Medici wa Florence zawadi ya twiga, na mji mzima ukatoka kumshangaa. Zawadi za twiga hazikuwa jambo jipya: Malindi iliwahi kumpelekea mfalme wa China twiga mwaka 1415. Lakini Florence ilikuwa na wachoraji wengi kuliko uvumilivu. Domenico Ghirlandaio, aliyekuwa akipamba kikanisa cha familia ya Tornabuoni katika kanisa la Santa Maria Novella, akamwingiza twiga kwenye msafara wa Mamajusi. Hapo yumo, shingo juu, anashuka kuelekea Bethlehemu kumsalimu mtoto Yesu. Mtanzania akimwona mnyama wa nembo ya shirika lake la ndege katika Noeli ya Waitaliano anayo haki ya kucheka.

SOKO LA NJOMBE USONI MWA MFALME

Jumamosi sokoni Njombe, hasa pale viazi mviringo, kabichi, njegere, mapeasi, mapichi na maparachichi vinapokutana, ndipo ninapomkumbuka Giuseppe Arcimboldo. Huyu alizaliwa Milan na alifanya kazi kwa wafalme wa ukoo wa Habsburg kule Vienna na Prague. Mwaka 1563 alichora picha aliyoiita Kiangazi. Ukiwa mbali unaona mtu aliyegeuza uso kando, anatabasamu. Ukisogea, pua ni tango, shavu ni pichi, meno ni njegere zilizopangana ndani ya ganda lililopasuka, na sikio ni hindi zima. Mahindi yalikuwa bado mageni Ulaya, yakiwa yameletwa kutoka Amerika baada ya safari ya Kolumbasi ya 1492. Huku Makambako, ambako hindi ni mshahara, ada ya shule na chakula cha jioni, sikio la mahindi halihitaji maelezo.

Miaka karibu 30 baadaye akamchora mfalme mwenyewe, Rudolf wa Pili, kama Vertumnus, mungu wa Kirumi wa majira na mazao: uso wa matunda, kifua cha mboga. Mfalme akafurahi. Jaribu wewe leo kumchora kiongozi wako kwa kabichi na karoti, kisha uone utaitwa wapi.

Ninayoipenda zaidi iko Cremona, Italia, na inaitwa Mtunza Bustani. Ni bakuli la mboga, vitunguu na mizizi minene, basi. Igeuze juu chini: bakuli linakuwa kofia, vitunguu vinakuwa mashavu, na mzizi mmoja mnene unakuwa pua ya mzee mwenye afya. Arcimboldo hakupata kuonja parachichi la Njombe, na hiyo ni hasara ya pua nyingi.

METHALI ZAIDI YA 100

Kama kuna picha moja ambayo Mswahili angeisoma bila mkalimani, basi ni ya Pieter Bruegel Mzee, aliyefanya kazi Antwerp na Brussels, katika Ubelgiji ya leo. Mwaka 1559 alichora kijiji ambamo kila mtu anatenda methali. Hasemi, anatenda. Wataalamu wamehesabu zaidi ya methali 100 ndani ya ubao mmoja, ambao sasa uko Berlin.

Pale mbele mtu anahangaika na uji uliomwagika, anajaribu kuuzoa wote kwa kijiko. Sisi tunasema maji yakimwagika hayazoleki. Mwingine anatupa maua mbele ya nguruwe, ambao hawana habari. Huyo kwetu anampigia mbuzi gitaa. Mmoja ameketi katikati ya viti viwili, na kwa kuwa hajachagua chochote amekalia majivu. Fisi wetu naye alishindwa na njia mbili. Yuko anayefukia kisima baada ya ndama kuzama, na majuto, kama kawaida, ni mjukuu. Yuko anayemnyoa nguruwe akitumaini sufu. Yuko anayetoa mwanga wa jua nje kwa kikapu. Na yuko mama aliyevaa nguo nyekundu anayemvisha mumewe joho la buluu, ishara ya Waholanzi kwamba mke anatoka nje ya ndoa. Mume amesimama tu, anavalishwa.

Bruegel hakumdhihaki mjinga mmoja. Alikichora kijiji kizima, na ukikaa nacho dakika kumi utajikuta ndani. Mimi nimejiona mara mbili, na mahali pamoja ni pale kwenye uji. Mwaka uliofuata akachora Michezo ya Watoto, michezo zaidi ya 80, wawili kati ya watoto wakisukuma ringi kama watoto wa mtaa wowote wa Mjimwema.

WATANI WA NYUMBANI

Hatukuhitaji kwenda Ulaya kujifunza kucheka na picha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Christian Gregory alikuwa akituletea Chakubanga katika gazeti la Uhuru, na wasomaji wakaanza kulisoma gazeti kutokea kwenye kibonzo. Jarida la Sani likatupa Lodilofa, Kipepe na Ndumilakuwili. George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005, alianza Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam kama mlinzi wa usiku na akaishia kuwa mmoja wa wasanii wa Afrika wanaojulikana zaidi duniani. Mashetani wake, waliotoka katika uchongaji wa Wamakonde, wana masikio mapana na matumbo ya mviringo. Wanacheza, wanagombana, wanacheka. Ukiwatazama vizuri hawatishi, ni majirani.

Na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza mwaka 1968 kuchora wanyama kwa rangi ya kung'aa juu ya vipande vya hadibodi, akaviuza Oysterbay. Chui wake wanatukodolea macho kama watu waliofumaniwa. Alikufa mwaka 1972 kwa risasi za polisi waliodhani ni mhalifu, baada ya miaka minne tu ya kazi, lakini jina lake limebaki kuwa jina la mtindo mzima.

Tunavyo, basi, kicho na kicheko. Tatizo ni kwamba tumevitenganisha: picha ya ukutani ni ya kuheshimiwa, kibonzo ni cha kucheka kisha kufungia maandazi. Leonardo, Veronese na Lotto hawakuutambua mpaka huo. Waliamini mtakatifu anaweza kukaa chumba kimoja na paka na asipungukiwe utakatifu, kama msiba usivyopungua kwa kuja mtani.

Methali zetu tunazivaa kwenye kanga na kuziandika nyuma ya malori yanayopita Makambako usiku na mchana, lakini bado sijaona kijiji chetu kikizitenda zote katika picha moja. Vijana wenye mkono wa kuchora wapo Njombe, wapo Makambako, na nyanya zao wanajua methali kuliko kitabu chochote. Wakae nao sebuleni Julai moja, jiko likiwaka, wakusanye mia. Ubao wa Bruegel una sentimita 117 kwa 163. Hadibodi moja ya futi nne kwa nane inatosha, na kipande kitabaki.